Mume Wangu Kaingia Kodingi

Wanaume wa mtaani kwetu Tabata wakishaikaribia arobaini na tano huwa tunajua wataishia wapi. Mmoja atanunua pikipiki. Mwingine atagombea uenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye akiba kidogo atafuga kware. Wangu alishapita kwenye kware, akapita kwenye matikiti ya Mkuranga, akachungulia forex akaona wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia, ndipo jioni moja akanitangazia, tena tonge likiwa mdomoni, kwamba anaacha kazi akasomee kuandika programu za kompyuta.

Nikamwuliza, kwa umri upi? Akasema umri si hoja, hoja ni ari. Baba watoto si mtu wa kuongea hivyo, nikajua kuna mahali kasoma. Na kweli. Kwenye simu yake kulikuwa na tangazo la kozi, butikampu wanaita: "Kutoka sifuri hadi developa kwa miezi sita." Chini yake picha ya kijana mwenye meno meupe, miguu ndani ya bwawa la kuogelea, laptopu mapajani. Mimi nikauliza swali la mtu aliyewahi kununua kitu kwa hela yake mwenyewe: nani anapeleka kitu cha milioni kwenye maji? Akasema sielewi maana ya uhuru. Kweli sielewi. Uhuru ninaoujua ni pango kulipwa kabla mwenye nyumba hajagonga mlango.

Kazi aliyokuwa anaiacha haikuwa ya kutupa. Tangu kabla hatujaoana alikuwa mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi kule Gerezani. Bati, nondo, misumari, mabomba, rangi, vitasa. Ukimwamsha usiku ukamwuliza nondo ya milimita 12 ina kilo ngapi kwa kipande, anakujibu kabla hajafumbua macho, halafu anakuuliza unataka ngapi. Mshahara haukuwa wa kutamba nao, ila tarehe ya kuingia ilijulikana, na michango ya NSSF ilikuwa inakatwa.

Aliponiona nimenuna akanipa historia. Mambo haya, kwa maelezo yake, yalipamba moto San Francisco mwaka 2012, kwenye shule iliyoitwa Dev Bootcamp, ambako mtu aliyekuwa akihudumia baa aliingizwa darasani kwa wiki kadhaa akatoka anaandika programu na kulipwa dola. Mwaka 2014 Nairobi nako ikaanza Moringa School. Mwaka huohuo Lagos ikaanza Andela, ambayo baadaye ilifika Nairobi na Kampala, ikichukua vijana wenye vichwa na kuwafanyisha kazi za kampuni za ng'ambo wakiwa hukuhuku. "Unaona, mama watoto?" akasema. "Dunia imeshaondoka, sisi tumebaki stoo."

Nami nina simu, na kidukani kwangu mchana wateja ni wa kuhesabu. Nikapekua. Dev Bootcamp yenyewe ilifungwa mwaka 2017. Andela mwaka 2019 iliwapunguza kazi mamia ya developa wachanga katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba soko linataka wazoefu. Nikampelekea habari hizo na chai. Akasema nina roho ya kukatisha watu tamaa.

Kumbe nusu ya ada alishalipa. Nusu ya pili ilikuwa inanisubiri mimi. Tuna mchezo wetu wa akina mama, tunachangishana kila Jumamosi, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa inakaribia. Hela hiyo nilishaipangia jokofu la kuuzia soda na maji, hadi pa kuliweka nilishapima kwa mikono. Tulibishana usiku kucha, tukaswali, tukabishana tena. Jokofu likaenda shule. Hadi leo ukija dukani kwangu ukaagiza soda utapewa ya moto, na ukilalamika nitakuonyesha dirishani mwanaume aliyekaa sebuleni, ukamlalamikie yeye.

Basi masomo yakaanza. Sijui wanaoandika matangazo haya wanadhani mtu wa miaka arobaini na kitu anaishi wapi. Wanasema "jifunze ukiwa nyumbani". Nyumba ipi? Yetu ina vyumba viwili, watoto watatu, redio ya jirani, na dirisha la duka ambalo linagongwa tangu alfajiri na watu wanaotaka kiberiti. Watoto wakaambiwa wasicheze, baba anafanya homuweki. Binti yangu wa darasa la sita akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama baba alifeli zamani ndiyo maana anarudia. Nikamwambia akamwulize mwenyewe. Alimwuliza. Siku hiyo chakula kililiwa kwa ukimya.

Bando nalo! Zamani bando la wiki lilikuwa linamtosha kwa mpira na WhatsApp. Sasa video za masomo zinakula bando kabla ya chakula cha mchana. Akasomeshwa na mwalimu aliyeko nchi nyingine, anayeongea Kiingereza cha puani kwa kasi, baba watoto akawa anamrudisha nyuma kumsikiliza upya, na kila kurudisha ni megabaiti zangu. Nilikuwa nasikia sentensi moja mara nyingi hadi mimi niliyekuwa nakuna nazi nikaielewa kabla yake.

Shoga yangu wa saluni akanishtua. "Mwenzangu, mwanaume anayecheka na skrini saa nane za usiku, usilale." Nikaacha kulala. Usiku huo nikamnyatia kwa nyuma, kanga nimeikaza kifuani, tayari kwa lolote. Skrini nyeusi, maandishi ya rangirangi, na baba watoto machozi yanamlengalenga kwa furaha. "Tangu saa mbili nalitafuta kosa," akasema. "Mabano. Sikuyafunga." Nikarudi kitandani nimekasirika kuliko nilivyotoka. Ingekuwa mwanamke ningejua nianzie wapi. Mabano nitayashtaki kwa mjumbe gani?

Halafu nikafanywa bata. Naomba nieleweke, sitanii. Kuna kitabu cha waandishi wa programu kinaitwa The Pragmatic Programmer, kilitoka mwaka 1999, na wengi wanaoisomea kazi hii wanafundishwa dawa iliyomo: programu ikikugomea, weka bata wa mpira mezani, yule wa kuchezea watoto wakioga, umweleze kazi yako mstari kwa mstari. Kabla hujafika mwisho kosa utaliona mwenyewe. Bata hajibu wala hatakiwi kuelewa. Anatakiwa awepo tu, atazame mbele. Wenzake darasani walinunua bata. Baba watoto hakununua, ya nini kupoteza hela na mke yupo?

Kwa hiyo niko jikoni namenya vitunguu, yeye kasimama mlangoni. "Hapa nachukua orodha ya bidhaa. Halafu naipitia bidhaa moja moja. Halafu napunguza alichonunua mteja." Mimi nimenyamaza, natazama mbele. "Halafu narudi mwanzo." Siku moja nikajisahau nikauliza, "Na bidhaa ikiwa imeisha?" Akasimama. "Ikiwa imeisha?" Akarudi mbio sebuleni, kiti kikalia, vidole vikaanza kurindima. Asante sikuipata. Bata hashukuriwi.

Katika ubata wangu nimejifunza mengi kuliko nilivyotaka. Najua kwamba JavaScript, lugha waliyoanza nayo, ilitungwa mwaka 1995 na mtu aitwaye Brendan Eich, kwa siku 10. Siku kumi! Fundi wangu wa magauni anachukua siku nyingi zaidi kupinda lemba. Na uharaka wake unaonekana. Ukiiambia 5 ambayo imeandikwa kama neno ijumlishwe na 2 inakupa 52. Ukiiambia hiyohiyo 5 itolewe 2, inakumbuka hesabu na kukupa 3. Nikasema muuza duka wa namna hiyo angepigwa na wateja. Baba watoto akasema nusu ya dunia inaendeshwa na lugha hiyo. Ndiyo maana dunia iko hivi.

La ajabu zaidi ni senti. Ukiiuliza 0.1 jumlisha 0.2 haisemi 0.3. Inasema 0.30000000000000004. Nilidhani laptopu ni mbovu, tumepigwa. Kumbe zote ndivyo zilivyo, hata za Marekani. Kompyuta inahesabu kwa mbilimbili. Nusu inaiweza, robo inaiweza, robo tatu inaiweza, maana hapo ni kugawa kwa mbili na kugawa tena. Sehemu ya kumi haiwezi kuiandika ikafika mwisho, wewe nawe hujawahi kumaliza kuandika theluthi kwa desimali, utaandika 0.333 mpaka wino ukatike. Hilo nililipenda, sitaki kusema uongo. Wauza duka wa uswahilini tunapima sukari kwa robo na nusu tangu zamani za bibi zetu, na hatujawahi kukosea kwa sehemu hata moja ya trilioni.

Nchi hii iliwahi kujaribu kunikinga na haya. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa mahesabu wa Hazina kuvurugika. Wasomi wameandika kurasa nyingi kueleza kwamba uamuzi ule uliturudisha nyuma. Wasomi hao hawajawahi kulala chumba kimoja na mtu anayeota kwa sauti kwamba "seva haijibu".

Nafuu niliipata Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikazorota. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia sana. Watu walilia, biashara zilisimama, naelewa, poleni. Nyumbani kwetu mwanaume alitoka sebuleni akipepesa macho, akauliza yule mtoto mdogo kaota meno lini. Akarekebisha bawaba ya mlango wa choo. Akakaa dukani nami hadi jioni, akauza mafuta ya taa na kunisimulia umbea wa Gerezani wa miaka iliyopita. Nilikuwa nimeanza kumzoea tena, wakaunganisha.

Ndugu nao wana sehemu yao katika mateso haya. Mama mkwe alishatangaza kwa jumuiya yake yote kwamba mwanawe anatengeneza kompyuta. Toka hapo kila mwenye kifaa kinachowaka taa anakileta kwetu. Mjomba alipanda basi kutoka Morogoro na printa imefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Shemeji anapiga simu: "Shem, simu yangu inasema imejaa, unaweza kuipunguza ukiwa hukohuko?" Mzee wa jirani alileta king'amuzi. Baba watoto anajitahidi kueleza, kwa adabu, kwamba yeye anaandika programu na vyuma si fani yake. "Sawa mwanangu," mzee anajibu, "lakini hebu kitazame tu." Anakitazama. Atafanyaje, ni mzee. Printa bado iko chini ya kitanda chetu.

Kisha ukafika mradi wa kumalizia kozi. Kila mwanafunzi atengeneze mfumo unaotatua tatizo la jamii. Wenzake wakachagua kilimo na afya. Wangu akalitazama duka langu, akalitazama daftari langu la madeni lenye mafuta ya mwaka juzi, akaona hapo ndipo penye tatizo la jamii.

Daftari langu halina tatizo. Nimeandika "Mama wa bluu, unga, 2,400" na mimi namjua mama wa bluu ni nani. Mfumo haumjui. Ulipowashwa mara ya kwanza mbele ya wateja, mdaiwa wangu mkubwa kuliko wote alikuwa mtu anayeitwa undefined, namdai unga, sabuni na kiberiti. Wa pili anaitwa [object Object], huyo kakopa mkate. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa barazani wakacheka mpaka leo, kila anayekopa siku hizi ananiambia, "Mama, niandike undefined." Sukari nikaambiwa ninazo kilo toa tatu. Nikamwuliza mwenye mfumo, kilo toa tatu ninaziweka kwenye gunia gani? Akasema hiyo ni kwa sababu nimeuza kabla ya kuingiza mzigo. Ni kweli niliuza kabla. Mteja kaja kabla. Nimwambie asubiri niingize?

Saa ndizo zilizoniua. Mkate niliouza saa moja asubuhi, namkumbuka na mnunuzi, mfumo ukasema umeuzwa saa 4. Saa nne nilikuwa sokoni Buguruni, duka limefungwa, na nina mashahidi. Karibu nimshuku mtoto kuuza mikate kwa mlango wa nyuma. Baba watoto akakaa na tatizo hilo usiku mzima, na mimi, bata, nimekaa naye. Mwisho tukalipata, na lilikuwa makosa mawili yamekaa juu ya mwenzake. Kompyuta ilikuwa inatunza saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Wazungu saa moja yetu ya asubuhi wanaiita 7. Ukitoa 3 inabaki 4. Mimi nikiona 4 nasoma saa nne, kama alivyonifundisha mama yangu. Alirekebisha, na akaongeza kitufe cha kuonyesha saa kwa Kiswahili. Kitufe hicho nasema bila kupendelea kwamba ni kizuri.

Alikuwa akitunza kila badiliko kwenye Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho kinakumbuka kila ulichogusa pamoja na neno fupi ulilojiandikia. Nilimwomba anisomee maneno yake ya wiki ile. "Nimerekebisha." "Nimerekebisha kweli." "Sasa basi." "Nimerudisha ilivyokuwa." "Ee Mola." Anayetaka kuandika historia ya ndoa yetu aanzie hapo.

Cheti kikaja, tukakitia fremu, tukakitundika karibu na kalenda. Ikabaki kazi. Na hapa sasa nacheka kwa uchungu. Matangazo ya kazi za developa mchanga yanataka uzoefu wa miaka mitatu. Mchanga gani huyo? Tena kazi ndogondogo ambazo zamani wachanga walikuwa wanajifunzia, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, bosi anaiagiza programu ifanye huku anakunywa chai. Baba watoto alituma maombi mpaka barua pepe yake ikawa ya kujibiwa na mashine tu: tumepokea, tunakushukuru, tumeendelea na wengine.

Sehemu moja wakamwita. Ni ofisi ya ghorofani, sitaitaja, maana bado tunasali. Nikampigia pasi shati la harusi. Akapokelewa na kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wake wa kwanza kama angeanza mapema kidogo. Kijana akamwamkia shikamoo. Akamkaribisha maji. Akampa kalamu na kumwambia aandike ubaoni jinsi ya kupindua mti. Mti wenyewe si mti, ni data zimepangwa kwa matawi, na ukiupindua tawi la kushoto linakwenda kulia. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya kutengeneza fomu za kukatia tiketi za basi. Baba watoto akauliza kwa heshima, abiria wa Mbeya anahitaji mti uliopinduliwa wa nini? Kijana akatabasamu, akamshukuru kwa muda wake, akamsindikiza mpaka kwenye lifti, akamwamkia tena. Kunyimwa kazi na mtu anayekuamkia shikamoo ni udhalilishaji ambao sheria zetu za kazi bado hazijaufikiria.

Alirudi, akavua viatu, akalala mchana. Nikakaa na simu yangu tena. Aprili 2024 mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliiadhibu shule moja maarufu ya kodingi, BloomTech, iliyokuwa ikiitwa Lambda School. Walikuwa wakitangaza kwamba wahitimu wao wanaopata kazi ni kati ya asilimia 71 na 86. Kwenye karatasi zao za ndani ilikuwa karibu asilimia 50, na ikawahi kushuka hadi 30. Wanafunzi walikuwa wamesaini kukatwa sehemu ya mshahara wao wa baadaye, na wakaambiwa huo si mkopo. Mamlaka ikasema ni mkopo. Sisemi kwamba shule aliyosoma mume wangu imefanya hivyo. Yenyewe haikutangaza asilimia yoyote. Ilitangaza bwawa la kuogelea.

Kazi ilipatikana, lakini haikutoka kwenye cheti. Jirani yake wa zamani pale Gerezani, mwenye duka la vifaa, alikuwa amelipa vijana fulani wakamtengenezea mfumo wa mauzo. Mfumo unang'aa, una grafu za rangi ya zambarau, na unahesabu misumari mmoja mmoja. Mteja akitaka kilo mbili, karani ahesabu misumari mingapi? Nondo nazo zinaingia kwa tani zinatoka kwa kipande, na vijana wale hawakujua kwamba hilo ni tatizo. Baba watoto alisimama kaunta akalitatua kabla soda yake haijaisha. Nondo ya milimita 12, mita 12, ina kilo kama 10.7, tani moja ni vipande vipatavyo 94, kama mwenye kiwanda hakupunja urefu, na wakipunja yeye anajua ni kwa kiasi gani. Bati linauzwa kwa geji na kwa futi. Waya kwa kilo au kwa roli. Rangi ikishachanganywa hairudishwi stoo. Yote hayo hakufundishwa na video. Yalikuwa kichwani mwake tangu enzi za mshahara wenye tarehe.

Aliuandika upya mfumo ule. Mwenye duka wa pili akauona, akataka wake, kisha na wa Buguruni. Wanalipa, ila kwa awamu, na awamu ya mwisho ya kila mmoja iko njiani tangu Ramadhani. Simu inaita Ijumaa saa ya swala: "Fundi, risiti haitoki." Nimesikia kwa masikio yangu mtaalamu wa JavaScript akimwambia mtu, "Angalia kama umechomeka." Kipato kwa mwezi hakijafika kile cha stoo. Miezi miwili kilikipita, mwezi uliofuata kikaomba radhi. NSSF anajilipia mwenyewe akikumbuka, yaani nikimkumbusha.

Kwa hiyo wanaonisimamisha sokoni kuniuliza kama waume zao, dada zao au wao wenyewe waende, nawajibu hivi. Aende, lakini asiache kazi siku ya kwanza. Ajaribu kwanza masomo ya bure, yako tele, aone kama ana subira ya kutafuta mabano usiku. Mkiambiwa kuna kozi ya miezi sita mhesabu miaka miwili ya bando. Kabla ya kutoa shilingi, waombeni shule majina ya kampuni zilizoajiri wahitimu wao wa mwaka jana, na namba ya simu ya mhitimu mwenye umri wenu, si yule wa kwenye picha. Wakizungusha maneno, chukueni mkoba wenu mwondoke. Na yule anayesema kazi ya zamani uizike, umwulize yeye misumari inauzwaje.

Mwenye duka la vifaa, la dawa za mifugo au la vipuri, anayetaka mfumo unaojua robo, nusu, roli na geji, na unaosoma saa kama mama zetu walivyotufundisha, anakaribishwa Tabata. Mtengenezaji yupo sebuleni. Malipo ya kwanza ni nusu, hayarudishwi, na yanapokelewa na mimi dirishani.